Picha za Jua, na Jinsi Nilivyomwonea Wivu Leokadia

Vijana wa karakana mmeniomba niandike namna ya kuianza kazi hii, kwa sababu video mnazoangalia kwenye simu zimetengenezwa na watu ambao maji yao ya bomba hayakatiki na ambao hawajawahi kukutana na wadudu wa ziwani. Haya, nimekubali. Nimestaafu, macho yamechoka, na hapa nyumbani Kiseke nimeshagombana na kila kuku. Muda ninao.

Cheo changu mnakijua na mshahara wangu haukuwa na hadithi, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitaandika habari za brashi, karatasi, jua na maji, na za Mzee Makoye aliyetufundisha. Nitaandika pia habari za Leokadia, ambaye leo ndiye mkubwa wenu kazini, maana siwezi kumruka. Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho, na sizungumzii kijicho kidogo cha kupita. Nilitaka kitu kimoja tu katika kazi hii: Mzee Makoye aseme, hata mara moja, kwamba mkono wangu ndio mkono. Kila nilipodhani anakaribia kusema, Leokadia alikuwa amesimama njiani.

Kabla ya kuja karakana nilikuwa nasafisha picha kwenye studio moja mjini. Tulikuwa na mashine ya picha za rangi, kubwa kama kabati la maharusi, na Jumatatu ilikuwa inakohoa filamu za harusi za wiki nzima. Simu zilipoanza kupiga picha, watu wakaacha kuleta filamu. Mwenye studio akaisukuma mashine pembeni, akaanza kuuza kava za simu na chaji, akaniambia nisimame kaunta. Nilisimama kwa muda mfupi. Mtu aliyezoea kuona sura ya binadamu ikitokea kwenye karatasi hawezi kushangilia kava lenye picha ya paka.

Mzee Makoye nilimsikia kwa shemeji yangu. Alikuwa Msukuma mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ofisi ya ramani tangu ujana wake. Enzi hizo ramani zilinakiliwa kwa karatasi zilizopakwa dawa na kuanikwa juani, zikatoka bluu zenye mistari myeupe. Alipostaafu, akajiuliza kwa nini dawa inayoweza kushika mpaka wa shamba ishindwe kushika uso wa mtu. Akajenga chumba cha giza nyuma ya nyumba yake Kiseke, kwenye yale mawe, akaanza kutoa picha za maharusi, za mapadri, za marehemu, na za mawe yenyewe kwa ajili ya wageni wa mahotelini. Sisi tuliziita picha za jua. Ukisema picha za bluu pale mtaani, watu wanacheka na kukuuliza unaonyesha saa ngapi.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kigoda anavunja brashi mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka studio?"

"Ndiyo, mzee. Nimesafisha picha miaka mingi."

"Basi itabidi usahau. Kaa hapo."

Alikuwa anang'oa lile bati linaloshika nywele za brashi. Bati likiguswa na dawa huacha madoa ya bluu ambayo hayatoki hata ulie. Akalitupa, akazifunga nywele upya kwa uzi wa kushonea nyavu. Kisha akanipa kikombe cha chai ya rangi na rundo la kalenda za zamani, akaniambia nipake chai nyuma ya kalenda. Nilidhani ananitania. Nikapaka. Akaja, akaangalia, akasema, "Karatasi siyo ukuta," akaondoka. Wiki nzima nilipaka chai. Mume wangu, Baba Shaabani, aliniuliza kama nimeajiriwa karakana au mgahawani.

Nanyi anzeni hivyo hivyo kwa chai, kwa sababu inaonekana na haina gharama ya kukuumiza. Chovya brashi, ikamue kwenye mdomo wa kikombe, vuta kutoka kushoto kwenda kulia, mstari chini ya mstari, kila mmoja ukigusa kidogo ule wa juu yake. Ukimaliza, vuta kutoka juu kwenda chini, brashi ikiwa inakaribia kukauka. Halafu acha. Ugonjwa wa mwanafunzi ni kurudi. Anaona sehemu imefifia, anarudi kuigusa, na pale alipogusa ndipo doa litakapokaa mpaka kiama. Mimi nilikuwa mtu wa kurudi. Hata kwenye ugomvi wa nyumbani huwa narudi kuongeza neno.

Leokadia alikuja wiki hiyo hiyo. Alitoka Ukerewe, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, na hakuwahi kuingia studio isipokuwa siku ya kupiga picha ya kitambulisho. Alikuwa amekuja kuuliza kama Mzee anahitaji mtu wa kufua na kufagia. Mzee akampa kikombe cha chai na kalenda, akamwambia apake wakati anamsubiri. Msichana akachovya brashi, akaikamua, akavuta. Hakurudi. Karatasi ikatoka na rangi moja toka ukingo hadi ukingo, utadhani ilizaliwa nayo.

Mzee Makoye aliinua ile karatasi, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Umetulia."

Alikuwa anausema mpako. Sikuwa nimelisikia neno hilo kwake. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuwa na sifa nyingine zaidi ya hiyo. Nilimtazama yule msichana nikatabasamu, nikamkaribisha, nikamwonyesha choo kilipo. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliumwa kichwa siku ile mpaka usingizi uliponichukua.

Sasa dawa. Chupa ziko mbili. Ya kwanza ina maji ya kijani, ni chumvi ya chuma, na kwa joto letu huota ukungu kama mkate, kwa hiyo ichujeni kwa kitambaa safi kabla ya kuitumia. Ya pili ina maji mekundu, nayo ikae kabatini, mbali na mwanga. Zikiwa mbali mbali hukaa miezi. Ukizichanganya, zitumie siku hiyo hiyo, maana zimeshaoana na haziwezi kusubiri. Pakeni chini ya taa hafifu ya njano, mkaushe karatasi gizani, kisha muweke juu yake negativu, ile plastiki angavu ambayo siku hizi mnaitoa kwenye kompyuta, yenye weusi mahali pa weupe. Juu ya negativu kioo, nyuma ubao, banio pembeni, mkatoke juani.

Msiwe na haraka ya kuitoa. Karatasi itaanza njano ya kijani, iende bluu chafu, halafu ifikie rangi ya majivu, na hapo mwanafunzi hupata hofu akadhani ameichoma. Hajaichoma. Mpaka vivuli viwe kama majivu ya jikoni ndipo uitoe. Ukiiosha kwenye karai, njano yote inaondoka na bluu inabaki. Mimi nimeona jambo hilo maelfu ya mara na bado nainama kutazama. Maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote. Maji ya ziwa huifubaza bluu, kwa hiyo kamulieni ndimu kidogo.

Hayo yote niliyajua vizuri kuliko Leokadia. Naomba mlielewe hilo. Kwenye kukadiria jua nilikuwa mbele yake. Nilikuwa natazama wingu likitoka upande wa ziwani na najua tuna muda wa picha moja au hakuna. Nilikuwa najua mtu mweusi sana aliyevaa shati jeupe anahitaji negativu ya namna gani ili asibaki shati tu. Lakini kwa Mzee yote hayo yalikuwa hesabu. Mpako ndio ulikuwa kazi. "Jua ni la wote," alikuwa anasema. "Mkono ni wa mtu." Nami mkono wangu ulikuwa mzuri, wateja walilipa na kurudi, lakini Mzee aliinua karatasi zangu, akazigeuza kwenye mwanga, akasema, "Inafaa." Miaka yote ile mimi nilifaa.

Mawe ya Kiseke yalinifundisha kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliona Mzee anaweka fremu juani akiwa ametandika gunia chini. Nikadhani ni mambo ya wazee. Siku moja gunia lilikuwa limeloa, nikaweka fremu ya picha ya harusi juu ya jiwe tupu. Jiwe letu likishika jua la saa sita linachemsha chai. Karatasi ikatoa jasho ndani ya kioo, na bibi harusi akatoka na ndevu. Leokadia ndiye aliyepaka karatasi nyingine, na tena akaja kunifariji. Alinishika bega, akasema, "Pole dada, hata mimi ningeweka hapo hapo." Uongo. Asingeweka. Mtu mwingine angenicheka nikapata sababu ya kumchukia, lakini yule hakunipa hata hiyo.

Na huo ndio ulikuwa mzigo wangu mkubwa. Leokadia hakuwa na ubaya. Akienda kwao Ukerewe, ananiletea sato mkubwa amefungwa kwenye majani. Mwanangu Shaabani alipolazwa, ni yeye aliyekaa naye hospitali ili nikaoge. Baba Shaabani alinisikia nikilalamika mezani, mdomoni nina sato wa Leokadia, akasema, "Mke wangu, wivu wote huo ungekuwa juu yangu, ningenenepa."

Kuhusu wadudu wa ziwani. Mnawajua, wale wanaonyanyuka juu ya maji kama moshi na upepo ukiwasukuma huku wanajaa hata kwenye chai. Vitabu vya kazi hii havina habari zao. Wanapenda mwanga, na wanapenda zaidi kitu kibichi, na karatasi iliyopakwa sasa hivi chini ya taa ni sikukuu yao. Kila mmoja anayetua anaacha kidoa cheupe. Kuna mwaka parokia moja ilitaka picha za wanakwaya wote, kila mmoja ya kwake, na wadudu wakaja wiki hiyo hiyo. Tulijaribu chandarua, tukajaribu moshi wa kinyesi cha ng'ombe mpaka Mzee akakohoa. Mimi ndiye niliyegundua tuzime taa na kupaka kwa ule mwanga mdogo unaopita chini ya mlango, huku taa kubwa tumeiwasha nje upande wa choo. Wadudu wote wakaenda chooni. Nilimgeukia Mzee nikiwa na furaha. Akasema, "Vizuri. Leokadia, unaona kwa mwanga huo?" Leokadia akasema anaona. Akapaka kwaya nzima karibu kwa kupapasa, na Mzee akawa anarudia neno lake, karatasi baada ya karatasi, toka soprano hadi besi. Akili ilikuwa yangu, neno likawa lake.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Mama Mabula, mfanyabiashara wa nafaka kule Igoma. Mume wake alifariki, naye akataka picha yake kwenye kitambaa cheupe cha kufunika meza siku ya kumaliza matanga. Dawa ile inashika pamba vizuri, ilimradi kitambaa kifuliwe kwanza kiondoke wanga. Nilikipaka mimi, nikakianika mimi, na marehemu alitoka amekaa kwenye kiti, fimbo mkononi, bluu nzuri ya asubuhi. Nilimwambia Mama Mabula asikifue kwa sabuni ya unga. Nilimwambia mara mbili.

Baada ya matanga akarudi, akiwa na wifi zake wawili na kitambaa kwenye mfuko. Alianza kusema toka getini.

"Mmemfuta mume wangu! Njooni mwone! Mmemfuta!"

Akakikunjua. Marehemu alikuwa amebaki ukungu wa njano, kama mahali palipomwagika mchuzi pakasuguliwa.

"Mama, nilikwambia usitumie sabuni ya unga," nikasema.

"Sijatumia sabuni ya unga. Nimetumia magadi."

"Magadi ni mabaya zaidi!"

"Watu wamekulia wali juu yake! Nguo isiyofuliwa ni nguo gani hiyo? Nirudishie mume wangu."

Nilikuwa na haki, na haki yangu haikunisaidia kitu. Mawifi walianza kulia. Mzee Makoye alitoka ndani, akatazama kitambaa, akatutazama sisi wawili. Nikaanza kueleza kwamba magadi yakishakula bluu, hairudi. Ni kweli, hairudi. Leokadia hakueleza kitu. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria kubwa ya chai ya rangi, nyeusi ya kukatisha usingizi, akaiacha ipoe kidogo, akakichukua kitambaa mikononi mwa mjane na kukizamisha.

Tulisimama pale tukitazama sufuria. Kwanza zikarudi nyusi, kisha fimbo, halafu mtu mzima akajitokeza kwenye kiti chake, safari hii si bluu tena, kahawia iliyokaribia nyeusi. Chuma kilikuwa bado kimo kwenye uzi, na chai ilikuwa inakipa rangi nyingine. Mama Mabula alikaa chini kwenye jiwe. Akatazama muda mrefu, akasema, "Ndivyo alivyokuwa. Yule wa bluu sikumzoea."

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo kwa jambo langu lolote. Leokadia aliniambia baadaye kwamba hakujua kama itawezekana, ila chai ya mazoezi ilimwagikia picha iliyoharibika siku za nyuma na akaona imegeuka. Mimi nilikuwa nimemwaga chai nyingi kuliko yeye kwenye meza ile. Nilikuwa nafuta.

Sasa mnayo namna ya kugeuza rangi kwa chai, na mnajua mnamshukuru nani.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee akazeeka, akapunguza kushinda karakana, mwisho akawa haamki kitandani. Nyumba yake ilikuwa pale pale mbele, kwa hiyo asubuhi tulipita kumjulia hali kabla ya kufungua chumba cha giza. Siku moja alituita wote wawili. Binti yake mkubwa, Sado, alikuwa amekaa miguuni pake.

"Mwangaluka," alisema kwa Kisukuma chake, ingawa sisi wawili hatukuwa Wasukuma. Tukaitikia tulivyozoea.

"Siku zangu zimekaribia, tusidanganyane. Sitaki ile picha ya siku hizi, ya plastiki, yenye njiwa na maua na mawingu. Picha itakayotangulia jeneza langu iwe ya jua. Ya bluu. Ije ikae ukutani hapa, wajukuu wanione."

Mnajua desturi. Mjukuu hutangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika picha ya marehemu kifuani, na kila mtu aliyekuja kuzika huitazama hiyo kabla ya kutazama chochote. Nilijua anachoenda kusema. Nilikuwa nimeshaanza kuutayarisha uso wangu.

"Mama Shaabani ndiye apake."

Niliangalia chini ili Leokadia asione meno yangu. Yeye alisema, "Sawa, Mzee," akamrekebishia mto, akatoka. Mimi nikabaki. Mnakumbuka nilivyowaambia, mimi ni mtu wa kurudi.

"Mzee, kwa nini mimi?"

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Leokadia atalia," akasema. "Tone moja likianguka kwenye mpako, kazi imekwisha. Wewe hutalia. Wewe umenikasirikia miaka yote, mwanangu. Mkono wako utakuwa mkavu."

Sado aligeukia dirishani. Mimi nikamwambia Mzee apumzike.

Nilitembea kwenda nyumbani na zawadi yangu. Nilikuwa nimeitamani tangu siku ya kalenda, sasa ninayo, na sikujua niishike upande gani. Kwanza nilimkasirikia. Halafu nikajiambia, sababu ni yake, kazi ni yangu. Nitapaka karatasi ambayo hata yeye huko atakakokuwa ataisikia. Nilitenga karatasi nene tatu zilizobaki, zile nzuri, nikazifunga kwenye kanga na kuziweka juu ya kabati. Nilifunga brashi mpya. Negativu ikatolewa mapema kutoka kwenye picha aliyopigwa akiwa amesimama juu ya jiwe la karakana, ameshika fremu kwapani.

Alifariki alfajiri, wakati wa masika. Mazishi yakapangwa kesho yake, na watu wakaanza kujaa uani. Nilisubiri mpaka jua lilipotokeza, nikachanganya dawa, nikajifungia chumba cha giza peke yangu.

Karatasi ya kwanza niliianza vizuri. Kushoto kwenda kulia, bila kurudi. Nilikuwa nimefika katikati nilipomsikia mtu nje anauliza gunia la kutandika chini ya fremu liko wapi, na mtu mwingine akajibu, "Muulize Mzee." Tone lilianguka mahali ambapo paji la uso wake lingekuja. Nikaitupa karatasi. Nikanawa uso, nikaikausha mikono, nikaanza ya pili, na safari hii sikufika hata katikati. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto aliyenyimwa, na kila nilipojaribu kujikaza nilikuwa nasikia, wewe hutalia. Alinisoma kwa miaka yote ile na akanisoma vibaya. Hilo ndilo lililoniliza, kwamba hakuwepo nimwambie.

Ilibaki karatasi moja. Wingu lilikuwa linatoka upande wa ziwani, nililiona kwa ule mwanga wa chini ya mlango ulivyokuwa unafifia. Nikafungua mlango, nikaita.

"Leokadia!"

Alikuwa jikoni na wanawake wengine, anachambua mchele. Alikuja anajifuta mikono. Akaona karatasi mbili kwenye ndoo, akaona uso wangu, hakuuliza. Alifunga mlango, akajifunga kanga upya, akachukua brashi. Alichovya, akaikamua, akavuta. Nilimulika uso wake kwa macho nikingoja chozi. Hapakuwa na kitu. Macho yalikuwa makavu kabisa, mkono ukienda kama siku zote, na mpako ukatandaa toka ukingo hadi ukingo.

Nilishindwa kuvumilia. Hata pale, na Mzee amelala chumba cha mbele, nilimwonea wivu kwa macho yake makavu.

"Wewe hulii?" nikamuuliza. "Yeye alisema utalia."

Leokadia aliiweka brashi kwenye maji. Akaisuuza polepole.

"Nililia siku ile alipokuchagua wewe, dada. Nililia mpaka nikafika kivukoni. Nadhani yaliisha."

Karatasi ilipokauka tuliiweka chini ya negativu, nikashika kioo upande mmoja naye akashika upande mwingine, tukatoka nacho kabla wingu halijafika. Jua nilikadiria mimi.

Kesho yake picha ilitangulia jeneza, kifuani kwa mjukuu wake wa kwanza, bluu nzito ya jioni, na Mzee juu ya jiwe lake akitutazama. Watu waliinama kuitazama karibu. Pale makaburini shemeji yake mmoja kutoka Magu, mzee mwenye sauti kubwa, alimuuliza Sado mbele ya waombolezaji wote ni mkono wa nani uliofanya kazi ile. Sado akanionyesha mimi kwa kidevu, kama alivyosikia baba yake akisema. Leokadia alikuwa ubavuni kwangu. Nikamwona anafungua mdomo, na nilimjua vya kutosha kujua anachotaka kusema. Angesema ndiyo, ni kazi ya dada.

"Ni mkono wa Leokadia," nikasema. Nilisema haraka na kwa sauti, asije akanitangulia na kwenye hilo.